Kosa Langu na Miche ya Mama

Wanafunzi wenzangu, wengi wenu huandika katika kurasa hizi habari za safari, za michezo na za sikukuu. Mimi leo nitawaeleza habari za kosa. Nililifanya mwenyewe kwa mikono yangu, wala sina mtu wa kumsingizia. Wakati ule niliona kuwa ni jambo jema la kumsaidia mama yangu. Baadaye lilitugharimu fedha ya muhula mzima, na nusura linikatishe masomo. Lakini kosa hilo ndilo lililonifundisha jinsi jani la mmea linavyofanya kazi, nami naona si haki nikae na fundisho hilo peke yangu.

Kwetu ni Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Wasiokujua hudhani kuwa ni mahema tu yaliyosimamishwa jana. Sivyo. Nakivale ni makazi ya wakimbizi tangu mwaka 1958, nayo ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya namna hiyo katika Afrika. Waliotangulia kukaa walikuwa Wanyarwanda. Leo utawakuta Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachotusikilizanisha wengi wetu sokoni na kisimani. Kuna nyumba, maduka, makanisa, misikiti na mashamba. Kwa desturi ya Uganda jamaa wanaofika hupewa kipande cha ardhi walime, ijapokuwa vipande hivyo vimezidi kuwa vidogo kadiri watu walivyozidi kuwa wengi. Mji mkubwa wa upande wetu ni Mbarara, uliofanywa kuwa jiji mwaka 2020, na huko ndiko nisomako.

Mama yangu alizaliwa upande wa Fizi, karibu na Ziwa Tanganyika, na tangu utoto wake ni mkulima. Hapa Nakivale hupanda mahindi, maharage na lengalenga, mboga ile ambayo wenyeji huiita dodo na Watanzania huiita mchicha. Lakini zao linalotupatia fedha ni nyanya. Nyanya zikikubali, nalipiwa ada. Zikikataa, tunabaki kutazamana.

Mwezi wa Agosti mwaka ule mama alinunua paketi mbili za mbegu nzuri, akatengeneza kitalu nyuma ya nyumba. Alikusudia kuihamishia miche shambani katikati ya Septemba, mvua zitakapoanza. Juu ya kitalu alisimamisha vijiti, akatandika nyasi kavu ziwe kivuli. Shule zilipofungwa nikaja nyumbani, nikaikuta miche imekwisha ota, nayo ilikuwa zaidi ya 300. Nilifurahi, kwa maana nilijua ya kuwa ile ilikuwa ada yangu ya mwaka unaofuata, imesimama katika udongo.

Haukupita muda mrefu, ikaja habari kwamba mama mdogo amelazwa hospitali huko Mbarara. Mama akafunga mzigo wake upesi. Kabla hajaondoka aliniita kitaluni akaniambia, “Mwanangu, mwagilia asubuhi na jioni. Hizo nyasi za juu usiziguse. Nikirudi nitaziondoa mwenyewe.”

Nikajibu, “Ndiyo, mama.” Akapanda bodaboda hadi kituo cha teksi, akaenda zake.

Nilipobaki na wadogo zangu niliitazama miche ile kwa macho ya mtu aliyesoma. Niliona mashina yake ni membamba na marefu, na majani yake ni ya kijani hafifu. Nikakumbuka maneno ambayo mwalimu alituandikia ubaoni: mmea hutengeneza chakula chake kwa nguvu za mwanga. Basi nikasema moyoni, “Mama hakusoma elimu ya viumbe. Miche hii ina njaa ya mwanga, naye ameifunika kwa nyasi!” Siku ya pili, saa nne asubuhi, nikaziondoa nyasi zote nikazitupa kando. Mbingu ilikuwa nyeupe bila wingu. Niliposimama nikaitazama miche imeoga jua, nilijiona mtu mwenye akili sana.

Saa sita mchana majani yalikuwa yamelegea. Nikadhani ni kiu, nikachota maji nikamwagilia. Jioni yakainuka kidogo, nami nikalala kwa raha. Kesho yake jioni niliona mabaka meupe juu ya majani. Nikamwagilia tena, mara mbili kuliko kawaida. Siku ya tatu mabaka yale yalikuwa yameenea. Majani yamekuwa meupe na makavu kama karatasi, na pembeni yamebabuka rangi ya kahawia. Mzee mmoja Mrundi, jirani yetu, alipita akasimama. Akauliza, “Nani amekifunua kitalu hiki?” Nilishindwa kumjibu. Akanisaidia kuzirudisha nyasi, lakini tulikuwa tumechelewa.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Aliinama kitaluni akaanza kuhesabu miche iliyo hai, akipitisha kidole mche kwa mche. Ilikuwa 41. Akaniuliza ilikuwaje, nami nikamweleza yote, hata yale maneno ya ubaoni. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Hukuniuliza.” Hakusema neno jingine. Naliona afadhali angenipiga.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilibaki nyumbani. Baada ya juma mbili mama akafungua sanduku lake, akatoa vitenge viwili alivyokuwa akivitunza kwa ajili ya harusi za jamaa, akaenda kuviuza. Fedha ile akaiongeza juu ya kidogo alichokuwa nacho, akanipa nirudi Mbarara. Katika teksi sikuongea na mtu. Niliona kama ninavaa vile vitenge mwilini.

Nilipofika shuleni sikuweza kuvumilia. Siku ya kwanza ya somo la elimu ya viumbe nilimfuata mwalimu nje, nikamwambia, “Mwalimu, ulitufundisha kwamba mwanga ndio unaoupatia mmea chakula. Mbona mwanga umeiua miche ya mama?” Nikamsimulia mambo yote. Hakunicheka. Aliniambia, “Nilichokufundisha ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Njoo maabara Jumamosi, nikuonyeshe nusu iliyobaki. Wachukue na wenzako.”

Jumamosi tulikwenda watu sita. Mwalimu alifungua kabati akatutolea kopo la maharage aliyoyaotesha gizani kwa juma moja. Yalikuwa marefu kama nyuzi, na rangi yake ilikuwa manjano. Akaliweka karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa kiasi. Kesho yake baada ya ibada tulirudi tukayakuta yamegeuka kijani. Akatueleza: “Rangi ya kijani ni klorofili, nayo haiji yenyewe. Hutengenezwa na vimeng'enya.”

Huenda mmoja wenu anayesoma hapa hakijui kimeng'enya ni kitu gani. Ni aina ya protini iliyomo ndani ya kila kiumbe hai, ambayo kazi yake ni kuharakisha mageuzi ya kikemia. Mfano wake ni fundi katika karakana: hupokea kitu, hukigeuza, hukitoa, naye hubaki kama alivyokuwa, tayari kupokea kingine. Kila kimeng'enya kina kazi yake maalumu. Klorofili hupita katika mikono ya mafundi wengi mpaka ikamilike, na katika mimea itoayo maua, kama maharage, mahindi na nyanya, fundi mmoja wa karibu na mwisho hawezi kufanya kazi yake gizani. Hungoja mwanga umguse. Ndiyo sababu mche wa gizani ni wa manjano, na ukiuleta penye mwanga hugeuka kijani upesi.

Kisha mwalimu akasema, “Sasa tutazame hiyo rangi ya manjano.” Tukasaga majani mabichi katika spiriti, tukakichuja, tukachovya ndani yake ncha ya kipande kirefu cha karatasi ya kuchujia. Maji ya kijani yakapanda polepole katika karatasi, na yalipokuwa yakipanda rangi zikaachana. Tukaona mstari wa kijani, na mbali nao mstari wa manjano. Sote tulistaajabu, kwa maana katika jani lile hatukuwa tumeona umanjano hata kidogo. Ulikuwamo siku zote, umefunikwa na kijani.

Mwalimu akatueleza kwamba rangi hizo za manjano ni za ukoo wa karotini, nazo pia ni kazi ya vimeng'enya vinavyopokezana. Kimoja huunganisha vipande viwili kuwa mnyororo mmoja mrefu usio na rangi. Vingine huondoa hidrojeni katika mnyororo huo, na kila inapoondolewa rangi huzidi kuingia, mpaka huwa nyekundu. Kingine hukunja ncha za mnyororo, na rangi ikawa ya machungwa au ya manjano. Hapo alinigeukia akasema, “Ile rangi nyekundu ya katikati inaitwa likopeni. Ndiyo rangi ya nyanya anazouza mama yako. Nyanya inapoiva, kazi ya kukunja ncha hupungua, na likopeni hujaa ndani ya tunda. Lakini katika jani kazi huendelea mpaka mwisho, kwa sababu jani linazihitaji rangi za manjano ili liishi.”

Nikauliza, “Linazihitaji kwa nini?”

“Kwa sababu ya jua,” akasema.

Basi, wasomaji, hii ndiyo ile nusu niliyokuwa siijui. Jua la saa sita mchana lina mwanga mwingi kuliko jani linavyoweza kuutumia. Sisi hapa Mbarara tuko kusini mwa ikweta kwa chini ya nyuzi moja, na mwezi wa Septemba jua la mchana hupita karibu sawa na utosi. Klorofili haina uwezo wa kusema, “Nimeshiba.” Huendelea kupokea. Nguvu inayozidi, isipopata njia ya kutoka, huingia katika oksijeni iliyomo ndani ya jani na kuigeuza kuwa kali. Oksijeni hiyo kali huharibu ngozi laini za ndani na klorofili yenyewe. Ndipo jani hupauka likawa jeupe. Nyumbani nilidhani ni kiu, lakini jani lenye kiu huinuka likipata maji. Jani lililopauka haliinuki tena, hata ukilimwagia ziwa zima.

Mmea uliozoea jua una kinga yake. Miongoni mwa rangi za manjano iko moja iitwayo violazanthini. Mwanga ukizidi, vyumba vidogo vilivyomo ndani ya jani huingia uchachu, na uchachu huo hukiamsha kimeng'enya kimoja. Kimeng'enya hicho, kwa msaada wa vitamini C iliyomo katika jani, huigeuza violazanthini kuwa rangi nyingine iitwayo zeazanthini. Hiyo zeazanthini husaidia kuitoa nguvu iliyozidi iwe joto tu, ikapotea hewani bila madhara. Kazi hii huchukua dakika chache. Wingu likipita au jioni ikifika, kimeng'enya kingine huirudisha zeazanthini kuwa violazanthini, na jani huanza tena kuutunza mwanga wote linaoupata. Jina la zeazanthini limetokana na mahindi, ambayo wataalamu huyaita Zea mays, kwa kuwa imo katika mahindi ya manjano.

Wataalamu walilifumbua jambo hili hatua kwa hatua. Mwaka 1957, mwaka mmoja kabla Nakivale haijaanza kupokea watu, Sapozhnikov na wenzake katika Umoja wa Kisovyeti walieleza jinsi violazanthini inavyopungua katika jani penye mwanga na kurudi tena baadaye. Mwaka 1962 Yamamoto na wenzake huko Marekani wakaonyesha mzunguko wote wa kwenda na kurudi. Tena mwaka 1987 Barbara Demmig na wenzake wakaonyesha uhusiano uliopo baina ya zeazanthini na kule kutolewa kwa nguvu iliyozidi kuwa joto. Miaka 30 ilipita kutoka hatua ya kwanza mpaka hiyo ya tatu. Mimi nilitaka nijue yote kwa sentensi moja ya ubaoni!

Nikamwuliza mwalimu, “Kama jani lina kinga ya dakika chache, mbona miche yetu haikujikinga?”

Akajibu, “Ilikuwa na kinga, lakini ndogo. Jani lililokulia kivulini huwa na akiba ndogo ya rangi hizo, kwa kuwa halikuzihitaji. Kugeuza rangi iliyopo ni kazi ya dakika. Kuijaza akiba ni kazi ya siku nyingi. Vimeng'enya vyenyewe lazima viongezwe, rangi zitengenezwe, na majani mapya yaote yakiwa manene zaidi. Wewe uliipeleka vitani miche isiyo na ngao.”

Kisha akatuonyesha ngao nyingine. Alitia matone ya haidrojeni peroksaidi, dawa ile ya kusafishia vidonda, juu ya majani mabichi yaliyosagwa. Mara povu likafura. Akatia juu ya majani yaliyochemshwa, na povu halikutoka. “Katika jani lenye jua kali,” akasema, “huzaliwa sumu kama hii. Kimeng'enya kiitwacho katalasi huivunja ikawa maji na oksijeni. Yale yaliyochemshwa hayakutoa povu kwa sababu moto umekiharibu kimeng'enya.” Tulilitazama povu lile kitambo. Mimi nilikuwa nikiiona miche ya mama, jinsi ilivyopigana siku ile ya kwanza, nami nimesimama kando nikijisifu.

Tangu Jumamosi ile macho yangu yamefunguka. Nyuma ya bweni letu kuna mwembe. Nilikuwa nimeuona miaka miwili bila kujiuliza kwa nini majani yake machanga ni mekundu. Sasa najua kwamba vimeng'enya vingine hutengeneza rangi iitwayo antosiyanini, nayo huwa kama mwavuli juu ya jani changa ambalo bado halijawa na nguvu. Likikomaa, wekundu huondoka na kijani hukaa. Lengalenga nyekundu ya kwetu ina rangi ya ukoo mwingine, iitwayo betalaini, ambayo vimeng'enya vyake huanzia katika asidi ya amino nyingine. Na mmea wenye ukoo huo hauna antosiyanini. Nimekumbuka pia kwamba mara moja moja shambani huota mche wa mahindi mweupe kabisa, ukaishi siku chache kwa akiba ya mbegu, kisha ukafa. Watoto huuita mzungu. Baadhi ya miche ya namna hiyo hukosa kimeng'enya kimoja tu katika karakana ya rangi za manjano. Klorofili huanza kutengenezwa, lakini kwa kuwa haina mlinzi, jua huimaliza.

Likizo ya Desemba nilirudi nyumbani na deni moyoni. Sikuomba kitalu. Niliomba mbegu 40 tu na masanduku mawili ya mbao. Mama alinitazama, akanipa. Nikaotesha miche 20 katika kila sanduku, yote chini ya nyasi. Ilipofika kimo cha kidole nililitoa sanduku la kwanza nikaliweka juani moja kwa moja, kama nilivyofanya siku ile. La pili nililitoa kidogo kidogo. Siku ya kwanza lilipata jua la saa moja tu, asubuhi mapema. Siku ya pili saa moja asubuhi na saa moja jioni. Nikawa naongeza kila siku, na maji nikiyapunguza kidogo bila kuiacha miche inyauke, hata siku ya kumi likakaa juani mchana kutwa.

Katika sanduku la kwanza miche 13 ilipauka, na 8 katika hiyo ikafa. Katika la pili ulikufa mmoja, na huo ulikatwa na kiwavi. Miche 19 iliyobaki ilikuwa mifupi, majani yake manene ya kijani kizito, na mashina yake yameingia wekundu wa zambarau. Nikambebea mama masanduku yote mawili, nikamweleza habari ya akiba ya rangi, ya vimeng'enya na ya ngao. Alinisikiliza mpaka mwisho, naye aligusa majani ya sanduku la pili.

Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema, “Mwanangu, hivi ndivyo nilivyofundishwa na bibi yako kabla sijakuzaa. Nyasi huondolewa jioni kwanza, kidogo kidogo, mpaka mche uzoee. Mimi sikujua tu jina la hao mafundi waliomo ndani ya jani.”

Nami nikaona aibu, lakini ilikuwa aibu njema. Mama alikuwa na ile nusu niliyoikosa, nami nilikuwa na nusu ambayo hakupata kuambiwa. Siku ile nilipozitupa nyasi, elimu zetu mbili zilikuwa katika nyumba moja wala hazikusalimiana.

Agosti iliyofuata mama alipanda kitalu kingine, na safari hii alinikabidhi mimi kazi ya kuondoa nyasi. Kila asubuhi nilimwuliza, “Mama, leo niondoe kiasi gani?” naye alitazama mbingu, akatazama miche, akanionyesha kwa mkono. Kukiwa na mawingu tuliongeza. Jua likiwa kali tulipunguza. Katikati ya Septemba tuliihamishia shambani miche 286. Baada ya miezi miwili na nusu hivi nyanya zikaanza kuiva. Kila nilipozipanga katika makreti nilikumbuka kwamba wekundu ule na ile ngao ya jani vimetoka katika karakana moja. Zilisafirishwa mpaka Mbarara zikauzwa sokoni. Bei haikuwa kubwa, lakini ilitosha. Mama alitoa kwanza fedha ya mbegu za msimu ujao, akatoa ada yangu, na iliyobaki akanunua kitenge kimoja. Cha pili bado nakidaiwa.

Wenzangu ambao wazee wenu wana vitalu, nawaomba mtunze maneno haya machache. Usitoe mche kivulini ukauweka juani siku moja. Anza na jua la asubuhi au la jioni, ongeza kila siku, na mpe mche siku saba mpaka kumi. Kama lazima upande siku hiyo hiyo, panda jioni, kisha uweke kivuli cha majani au nyasi kwa siku za kwanza. Na ukiona mabaka meupe, usikimbilie maji peke yake. Rudisha kivuli upesi.

Naongeza neno moja kwa wale ambao, kama mimi, husoma mbali na nyumbani na kurudi likizo wakiwa na madaftari yaliyojaa. Msiyaache madaftari hayo, lakini kabla ya kugusa kazi ya mikono ya wazee, ulizeni kwanza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nimelipia methali hiyo kwa miche mia mbili na zaidi na vitenge viwili.

Likizo hii mama ameniandikia kwamba amepanda pilipili hoho. Nyasi ziko juu ya kitalu, naye anasema hataziondoa mpaka nifike.